Siku Mbili Katika Mji

Soma kwa ajili ya somo hili: Yohana 4:4–42, Yona 3–4, Matendo 8:4–8, Matendo 17:1–10, 1 Wathesalonike 2:7, 8, 17, 3:1–8.

Fungu la Kukariri: Yohana 4:40.

Wazo Kuu: Huduma ya siku chache mjini hupimwa kwa upendo wake kwa watu watakaobaki baada ya wageni kuondoka.

Soma Yohana 4:4–9, 39–42. Yesu alianzaje mazungumzo na mwanamke Msamaria? Ni nani waliomwomba akae katika mji wao?

Yesu alikaa Sikari siku mbili tu, muda mfupi kuliko efoti nyingi za makanisa yetu. Lakini angalia jinsi alivyoingia. Alikuwa amechoka, ana kiu, naye akaomba maji kwa mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake. Mwenye maji ya uzima alikubali kuwa mhitaji kisimani, na mwanamke aliyedharauliwa akawa na kitu cha kumpa. Kisha wenyeji wenyewe wakamsihi akae. Baada ya siku hizo waliweza kushuhudia kwamba wameamini kwa kumsikia wao wenyewe. Mgeni aliondoka, imani ikabaki. Baadaye Filipo alipohubiri katika mji wa Samaria, watu wengi walimsikiliza, na furaha ikawa kubwa mjini humo.

Mjumbe Aliyeketi Nje ya Mji

Soma Yona 3:1–5 na 4:5–11. Yona alifanya nini baada ya kumaliza kuhubiri? Swali la mwisho la Mungu linafunua nini kuhusu moyo Wake kwa miji?

Yona pia alikuwa na kazi ya muda mfupi. Akahubiri, na mji mzima ukatubu. Kwa taarifa ya kanisa, ingekuwa efoti yenye mafanikio makubwa. Hata hivyo Yona alitoka mjini, akajenga kibanda upande wa mashariki, akaketi kivulini kutazama. Alihuzunika kwa mtango uliokauka kuliko kwa watu zaidi ya 120,000. Mungu aliwahesabu watu hao, akataja hata wanyama wao.

Hapa kuna onyo. Mtu anaweza kuutumikia mji bila kuupenda. Anaweza kurudi nyumbani na picha nyingi na hesabu nzuri, huku hakumbuki jina la mtu hata mmoja aliyemhudumia.

Siku Tatu na Siku Zinazofuata

Mwezi wa Aprili 2015, Waadventista kutoka sehemu nyingi walikusanyika San Antonio, Texas, nchini Marekani, chini ya huduma iitwayo Your Best Pathway to Health. Uwanja wa Alamodome, ambamo Mkutano Mkuu wa kanisa ulifanyika Julai mwaka huo huo, uligeuzwa kuwa kliniki. Kwa siku tatu madaktari, wauguzi, wataalamu wa meno na macho, vinyozi na wachungaji walijitolea bila malipo, na zaidi ya watu 6,000 wakahudumiwa. Mwaka uliofuata huduma kama hiyo ilifanyika Los Angeles.

Jino linalouma likishang'olewa, limeng'olewa. Siku moja yatosha. Lakini magonjwa mengine hayako hivyo. Mfikirie mama wa Tandale au Mathare anayepimwa presha siku ya Jumapili katika hema la kanisa. Anaambiwa iko juu sana, anapewa dawa za siku chache. Jumatano hema linang'olewa, na gari la wajitoleaji linaondoka kwa nyimbo. Mwezi ujao nani atampima? Dawa zikiisha, ataelekezwa zahanati gani? Ikiwa hakuna aliyeyajibu maswali hayo kabla ya hema kusimamishwa, mama huyo ameachiwa hofu mpya na njia ile ile ya zamani.

Katika kitabu *Huduma ya Uponyaji*, kilichochapishwa mwaka 1905, Ellen G. White anaeleza njia ya Kristo: alichangamana na watu akiwatakia mema, akawahurumia, akawahudumia katika mahitaji yao, wakamwamini, ndipo akawaita wamfuate. Wageni wa siku tatu wanaweza kusaidia sana katika kuhudumia. Lakini kuchangamana na kuaminiwa huhitaji majirani. Kwa hiyo kanisa la mtaa ndilo lenye kazi. Wageni huja kuongeza mikono.

Soma 1 Wathesalonike 2:7, 8, 17 na 3:1–8. Paulo alifanya nini aliposhindwa kurudi Thesalonike?

Paulo aliondoka Thesalonike usiku, kwa sababu ya fujo, baada ya muda mfupi. Hakuhesabu kazi kuwa imekwisha. Alitamani kuwaona tena, na aliposhindwa kuvumilia, alikubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo aende kuwaimarisha. Kumtuma Timotheo kulimgharimu. Habari njema aliyorudi nayo ilimpa Paulo faraja katika dhiki yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kikundi chenu kikitaka kwenda kuhudumu mjini, ni nani wa kuulizwa kwanza: mwenyekiti wa mtaa, muuguzi wa zahanati, au akina mama wa eneo hilo? Kwa nini?

2. Yesu aliomba maji kabla ya kutoa. Ni kitu gani mnachoweza kupokea kutoka kwa watu mnaokwenda kuwahudumia?

3. Chukueni fedha zote za safari yenu ijayo. Ni sehemu gani imetengwa kwa ajili ya miezi sita baada ya kurudi? Kama haipo, ni nini mnachoweza kupunguza ili ipatikane?

4. Ni nani atakayekuwa Timotheo wenu? Tajeni jina lake kabla ya kuomba sala ya kufunga, kisha mwombeeni.