Mkate wa Cristoforo: kitenzi "kusamehe" katika riwaya ya Manzoni

Kati yetu wanafunzi wa lugha, riwaya za Kikristo za historia hazina sifa nzuri. Inasemwa kwamba mwandishi ameandika mahubiri, kisha akayavika nguo za zamani: kanzu za Kirumi, panga, magereza, simba. Kwa Fabiola ya Wiseman (1854) ninakubali lawama hiyo kwa sehemu. Quo vadis ya Sienkiewicz (1896) ina nguvu zaidi, lakini hata humo anayesamehe ni mfia dini, na wengi wetu hatutakufa motoni katika bustani za Nero. Tutaitwa kusamehe sebuleni, mbele ya wajomba na mashangazi. Ndiyo maana nimechagua I promessi sposi ya Mwitalia Alessandro Manzoni, ambayo sisi tunaisoma kwa Kifaransa kwa jina la Les Fiancés. Riwaya hii inaonyesha kwamba kusamehe ni tendo linalofanywa kwa maneno, na kwamba tendo hilo linaweza kuharibiwa na yule yule anayelitamka.

Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1827, la mwisho kati ya 1840 na 1842. Katikati yake Manzoni, mtu wa Milano, alikiandika upya kitabu kizima kwa kufuata Kiitalia kinachosemwa Firenze. (Sisi tunaosema Kiswahili cha Lubumbashi nyumbani na kuandika Kiswahili bora darasani tunaweza kumwelewa.) Hadithi inatokea Lombardia chini ya utawala wa Hispania, tangu 1628 hadi tauni ya 1630. Renzo na Lucia, vijana wa kijiji karibu na ziwa Como, wanazuiwa kufunga ndoa na bwana mkubwa wa pale, don Rodrigo.

Tuanze na msamaha ulioharibika. Gertrude ni binti wa mtawala tajiri ambaye ameamua, hata kabla mtoto hajazaliwa, kwamba ataingia utawa ili urithi wote ubaki kwa kaka yake mkubwa. Akiwa mdogo anapewa wanasesere waliovikwa kisista. Akiwa msichana anakamatwa na barua aliyomwandikia kijana mtumishi wa nyumba, naye anafungiwa chumbani. Baada ya siku chache anachoka, anamwandikia baba yake kuomba msamaha, kisha anaitwa na kupiga magoti. Tuangalie anachofanya baba. Hasemi "nimekusamehe". Anasema kwamba kuomba hakutoshi, inafaa kustahili. Anaonyesha kwamba baada ya kosa kama lile ndoa haiwezekani tena, na kwamba kuna mahali pa heshima panapomngojea. Binti, kwa hofu na haya, na kwa furaha ya kusikia sauti ya baba imelainika, anajibu ndiyo. Papo hapo baba anawaita mama na kaka na kuwatangazia kwamba Gertrude amechagua utawa.

Gertrude alikuwa anajibu nini? Yeye alikuwa akiitikia upole. Baba akapokea kiapo. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, alieleza kwamba maneno fulani hayaelezi tendo bali ndiyo tendo lenyewe, na kwamba yana masharti yake: msemaji anayestahili, mahali panapofaa, nia inayolingana na neno. Manzoni alikuwa ameonyesha zaidi ya miaka mia moja kabla yake jinsi mtu mwenye mamlaka anavyoweza kuchukua ombi la msamaha na kuligeuza ahadi, mbele ya mashahidi ambao ni jamaa yake mwenyewe. Mimi ninaona sehemu hii kuwa kali kuliko simba wote wa Kirumi. Na ndiyo jibu langu kwa wanaosema riwaya hii ni mahubiri: mhubiri asingethubutu kuonyesha msamaha ukitumiwa kama mtego.

Sasa Cristoforo. Kabla ya kuwa mtawa Mkapuchini aliitwa Lodovico, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Siku moja barabarani anakutana na bwana wa ukoo bora, na kila mmoja anadai haki ya kupita upande wa ukuta. Kwa jambo dogo hilo panga zinachomolewa. Mtumishi wa Lodovico, aitwaye Cristoforo, anauawa akimkinga. Lodovico anamwua yule bwana. Anakimbilia konventi, anaiachia familia ya mtumishi mali yake, anavaa kanzu na kuchukua jina la marehemu. Kisha anaomba ruhusa ya kwenda kwa ndugu wa yule aliyemwua.

Ndugu huyo anakusanya ukoo mzima. Anataka heshima ya nyumba yake ilipwe hadharani, na kwa nia hiyo yeye na baba wa Gertrude ni sawa. Lakini mtawa anapopiga magoti na kukiri bila kujitetea, nia hiyo inavunjika. Bwana anamwinua. Na ni yeye mwenyewe, bila kuulizwa, anayekubali kwamba marehemu alikuwa mtu wa hasira kidogo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Katika mikutano ya jamaa wazee hupenda kusema: "Sameheaneni!" Kiambishi -ana- kinawaweka wawili kuwa sawa, na swali la nani alimkosea nani linapotea. Kinaleta amani haraka, na mara nyingine kinamlazimisha aliyepigwa kumwomba msamaha aliyempiga. Kwa Cristoforo hakuna mzee anayesema sameheaneni. Mmoja anaomba, mmoja anatoa. Usawa unakuja baadaye, kutoka kwa yule anayetoa.

Kuomba na kutoa: ni vitenzi tunavyotumia kwa sadaka. Kifaransa pardonner na Kiitalia perdonare vina "kutoa" ndani yake, na samehe yenyewe ilitoka katika shina la Kiarabu linalogusa ukarimu. Labda ndiyo sababu Cristoforo, akikaribishwa vinywaji na vyakula vya sherehe, anaomba mkate tu, ili msamaha uwe kitu kilichotoka mkononi mwa mtu. Unaletwa juu ya sahani ya fedha. Anakula kipande njiani na kuhifadhi kilichobaki.

Miaka inapita, tauni inaingia Milano. Katika kambi ya wagonjwa Renzo anaapa kwamba akimkuta don Rodrigo hai atamwua. Cristoforo, mgonjwa naye, anamkaripia vikali, hadi Renzo anasema amesamehe. Kisha anampeleka kumwona: don Rodrigo amelala, macho wazi, haoni wala hasikii. Hapa -ana- haina kazi. Hakuna aliyeomba, hakuna atakayepokea, hakuna ukoo unaotazama. Renzo anabaki na kitenzi kitupu, na anachoweza kufanya ni kumwombea.

Baadaye kidogo, katika sura ya 36, mtawa anawapa Renzo na Lucia kisanduku chenye ule mkate mkavu, wawaonyeshe watoto wao. Mtafsiri wa Kiswahili atakuwa na tatizo. "Mkate wa msamaha" unafaa katika sura ya 4, ambapo mkate unathibitisha jambo lililokwisha. Lakini watoto hao bado hawajakosewa na mtu. Kwao mkate ni chombo cha kazi inayokuja, na kwa vyombo Kiswahili kina kauli ya kutendea: tunasema kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Mimi ningeandika pale "mkate wa kusamehea".