Délai Si Delay: Kiingereza cha Mpakani kwa Waliosoma Kifaransa

Aliyesoma Lubumbashi au Kolwezi akifika Tunduma na lori, Kiswahili hakimpi shida sana. Shida ni makaratasi. Tunduma ni Kiingereza, Nakonde ni Kiingereza, na hali ni hiyo hiyo njia nzima ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Neno asilolijua kabisa halimdhuru, kwa sababu ataliuliza. La kuogopa ni lile linalofanana na la Kifaransa.

Anza na "delay", kwa kuwa hilo ndilo linaloleta ugomvi. "Délai" ya Kifaransa ni muda uliopewa kukamilisha jambo; "delay" ya Kiingereza ni kuchelewa. Ukimwandikia wakala wa forodha aliyeko Dar es Salaam "the delay is three days", wewe unamaanisha zipo siku tatu za kumaliza kazi. Yeye anaelewa mzigo umeshachelewa siku tatu, na huenda akaanza kumwomba radhi mteja kwa jambo ambalo halijatokea. Andika "deadline", kisha taja tarehe na saa. Saa nayo iseme ni ya upande gani, maana Nakonde wako nyuma ya Tunduma kwa saa moja, sawa na Lubumbashi. Saa kumi jioni ya kule ni saa kumi na moja ya huku, na dirisha unalolitegemea linaweza kuwa limefungwa.

"Caution" nayo ina mtego wake. Kwa Mkongomani ni dhamana. Kwa Kiingereza, kwenye ubavu wa kontena, ni onyo la kujihadhari. Dhamana ya forodha ni "bond", na mtaani Tunduma wanasema bondi, basi.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Fomu ikiuliza "location" ya tela, inataka kujua liko wapi, haiulizi kama umelikodi. "Charges" kwenye ankara ni ada za kulipa, si shehena uliyobeba. Na lori lililopita mizani ya Mpemba usiseme lilikuwa "controlled". Sema "checked" au "inspected", la sivyo utaeleweka kwamba kuna mtu aliliendesha kwa amri yake.

Neno linalogusa adabu ni "demand". "Demander" ni kuomba, lakini "demand" ni kudai, tena kwa ukali. Mtu mpole kabisa anaweza kusimama mbele ya ofisa na kusema "I demand my document", kisha akashangaa sura ya ofisa ikibadilika. Tumia "request". Kwa maoni yangu, upande wa Tanzania afadhali useme "naomba" na uachane na Kiingereza cha mdomo. Kitunze kwa ajili ya karatasi.

Si kila mfanano ni adui, hata hivyo. "Consignor" na "consignee" huwachanganya hata waliosoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini wewe una msaada ambao wao hawana. Mwisho wa "-ee" ni ndugu wa "-é" ya Kifaransa: "employee" ni "employé", yaani aliyeajiriwa. Basi "consignee" ni anayeletewa mzigo, na "payee" ni anayelipwa. Anayetuma ni yule mwingine.

Daftari la maneno lisiwe na safu mbili, Kifaransa huku na Kiingereza kule, kwani hapo ndipo mfanano unapokudanganya. Nakili sentensi nzima kutoka kwenye karatasi yako ya kazi, na chini yake andika kwa Kiswahili nani anatakiwa afanye nini: alipe, asubiri, asaini au apeleke gari likakaguliwe. Usipoweza kuandika mstari huo, hujaielewa karatasi. Muulize wakala kabla hujasaini.

Baada ya maneno, angalia mkato ndani ya tarakimu. Shule ya Kifaransa inaufundisha kuwa mwanzo wa desimali. Waingereza wanatenganishia maelfu. Ankara ya dola 1,250 si dola moja na robo. Kwenye tikiti ya mizani, kilo 28,500 ni tani ishirini na nane na nusu. Ukiandika mwenyewe, andika 28500 bila alama yoyote, na pembeni uweke kiasi hicho kwa maneno.