Dondoo Muhimu: Pikapu ya Tabo au ya Injini Kubwa?
Injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, yaani 1HZ iliyozoeleka katika Land Cruiser, huvuta hewa yenyewe, na kwa kuwa hewa huwa nyepesi kadiri mwinuko unavyoongezeka, hupungukiwa nguvu inapopanda kuelekea Njombe. Ile ya lita 2.8 yenye tabo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa kwenye silinda, huhimili mwinuko huo vizuri zaidi. Hata hivyo, tabo haivumilii oili chafu, na baada ya kupanda mlima na shehena injini iachwe iungurume dakika 1 au 2 kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kuipoza tabo. Penye dizeli isiyoaminika na gereji za mbali, 1HZ ndiyo ya kuchaguliwa.