Shingo baada ya ajali: nikanyooshwe?

Swali: Daktari, wiki iliyopita gari letu liligongwa kwa nyuma. Siku ile sikusikia kitu. Kesho yake shingo ikakaza na kichwa kikaanza kuuma. Jirani ananihimiza niende kwa mtaalamu wa kiropraktiki akaninyooshe. Niende?

Jibu: Pole sana. Maumivu kuchelewa ni kawaida: kichwa kilirushwa nyuma kisha mbele, misuli na kano zikavutika. Lakini kabla mtu yeyote hajaigusa shingo hiyo, daktari aikague. Ukiwa na ganzi au udhaifu mikononi, ukiumia pingili zenyewe zikibonyezwa, au ukishindwa kugeuza shingo nyuzi 45 kila upande, unahitaji kupigwa picha, na hapo hakuna mjadala.

Kiropraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono iliyoanzishwa na D. D. Palmer huko Marekani mwaka 1895, huwapa wengine nafuu. Ninachokiogopa ni ule mzungusho wa ghafla unaoalisha shingo. Mara chache sana huambatana na kuchanika kwa mshipa wa damu unaopita kwenye pingili, na mtu akapata kiharusi. Tena ajali yenyewe inaweza kuuchana mshipa huo, ukadhani ni misuli tu. Kwa hiyo ukienda, mweleze habari ya ajali na umkataze kuizungusha; akukande taratibu, akufundishe mazoezi.

Nyumbani, geuza shingo polepole mara kadhaa kwa siku, wala usiizoee kola ya shingo. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi 3. Ila ukiona vitu viwili viwili, ukayumba, au ulimi ukawa mzito, nenda hospitali papo hapo.