Somo kwa Kamati: Ukaguzi wa Pikipiki ya Mwinjilisti

Pikipiki ya zamani ikikaguliwa, mara nyingi hushindwa kwa mambo yale yale: breki, cheni, matairi na taa. Breki ya nyuma hudanganya zaidi. Nati ikikazwa pedali hushika vizuri, kumbe breki shuu zimelika.

Honda nyingi zenye breki za ngoma zina mshale kwenye mkono wa breki. Kanyaga pedali mpaka mwisho. Mshale ukifikia alama iliyo kwenye bamba la breki, badilisha breki shuu, usikaze tena.

Ndugu wafadhili, mnapochangia pikipiki, kumbukeni na vipuri vyake.

Swali kwa kamati: je, bajeti ya usharika ina fungu la vipuri, au tunasubiri mwinjilisti aanguke mteremkoni?