Chigongi kwa Anayeanza: Faida Zake na Mipaka Yake

Chigongi ni mazoezi ya Kichina yanayounganisha mambo matatu: mwendo wa polepole wa viungo, upumuaji uliopangwa na utulivu wa fikra. Jina hilo, ambalo kwa herufi za Kilatini Wachina huliandika qigong, lina sehemu mbili: chi, yaani pumzi au nguvu ya uhai, na gong, yaani kazi au ustadi upatikanao kwa kurudia. Ndugu yake wa karibu ni taichi, ambayo chimbuko lake ni sanaa ya kujihami.

Mazoezi ya aina hii ni ya kale. Katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa katika miaka ya 1970, ilipatikana hariri yenye michoro ya watu wakinyoosha viungo. Tanzania nayo ina uhusiano wa muda mrefu na utabibu wa China, kwani timu za madaktari wa nchi hiyo zimekuwa zikihudumu Tanzania Bara tangu mwaka 1968. Reli ya TAZARA, inayopita Makambako, ilijengwa kwa msaada wa nchi hiyohiyo kati ya 1970 na 1975. Si ajabu, basi, wagonjwa kuuliza juu ya "nguvu ya ndani" na iwapo inaponya. Swali hilo linastahili jibu kamili.

Nguvu ya ndani ni nini?

Wakufunzi wa jadi husema kwamba chi hutiririka mwilini kupitia mikondo, na kwamba maradhi huja mikondo hiyo inapoziba. Vipimo vya kitabibu havijathibitisha kuwapo kwa mikondo hiyo. Hata hivyo, joto ambalo anayefanya mazoezi hulisikia viganjani si la kubuni. Mwili unapotulia, mishipa midogo ya damu hutanuka na damu hufika kwa wingi mikononi. Lugha ya chi inaweza kubaki kama njia ya kumwelekeza mwanafunzi aelekeze fikra zake kwenye pumzi. Haifai kutumiwa kama maelezo ya chanzo cha ugonjwa.

Kinachotokea mwilini chaeleweka. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapopumua polepole kwa tumbo, akitumia kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, neva ya vagasi huchochewa, mapigo ya moyo hupungua na misuli iliyokaza hulegea. Kusimama magoti yakiwa yamekunjwa kidogo huimarisha mapaja, na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine huzoeza mwili kujisawazisha.

Faida zilizopimwa

Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu kuanguka kwa wazee. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi kwa jumla hupunguza kiwango cha kuanguka kwa takribani asilimia 23; kwa taichi pekee makadirio yalikuwa karibu asilimia 19, ingawa kwa uhakika mdogo zaidi. Kwa bibi anayeteremka miteremko ya Njombe wakati wa masika, kinga hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa nyonga ikivunjika uzeeni mara nyingi uhuru wa kutembea hupotea.

Kwa maumivu ya magoti, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 204, ulionyesha kuwa wiki 12 za taichi zilileta nafuu inayolingana na ile ya fiziotherapia. Kwa shinikizo la damu, chigongi hulipunguza kiasi ikilinganishwa na kutofanya lolote, lakini haichukui nafasi ya vidonge. Wengi pia hupata usingizi bora na wasiwasi hupungua.

Namna ya kuanza

Mwanafunzi avae viatu bapa na asimame mahali tambarare, miguu ikiachana kwa upana wa mabega na magoti yakiwa yamelegea. Mkono mmoja auweke chini ya kitovu. Avute pumzi puani hadi tumbo liinuke, kisha aitoe taratibu, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyoivuta. Asibane pumzi. Afanye hivyo kwa dakika mbili.

Kisha afumanishe vidole mbele ya tumbo. Akivuta pumzi, apandishe mikono na kuigeuza viganja vielekee juu, mpaka ipite kichwa. Akitoa pumzi, aishushe kwa pande zote mbili. Huu ndio mwendo wa kwanza wa baduanjin, mfululizo maarufu wa miendo minane. Arudie mara sita hadi nane. Asiyeweza kusimama aufanye akiwa ameketi kwenye kiti imara.

Dakika kumi kila siku zatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wazee waongeze mazoezi ya kujisawazisha angalau siku tatu. Mkulima wa viazi huenda amekwisha kutimiza dakika hizo shambani. Faida yake katika chigongi ni kulegeza mgongo na kutuliza pumzi. Dereva wa lori anayepumzika Makambako baada ya saa nyingi za kuketi anauhitaji zaidi mwendo wenyewe.

Tahadhari

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwasukuma watu ndani. Kamwe mtu asifanye mazoezi ya kupumua katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa linalowaka: hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu na huua. Mwenye pumu asubiri jua lipande na awe na dawa yake karibu.

Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi ahudumiwe kituoni kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni dalili za kuacha mara moja na kutafuta huduma. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wenye kusikia sauti au kuona yasiyokuwapo asijiingize katika tafakuri ndefu, kwani visa vya kuchanganyikiwa baada ya mazoezi makali ya chigongi vimeandikwa na madaktari.

Dawa zisiachwe

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikadiria kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Chigongi inaweza kumsaidia mtu huyo kulala, kupunguza hofu na kurudisha nguvu za misuli. Haipunguzi wingi wa virusi. Kazi hiyo hufanywa na ARV. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na miongoni mwao walikuwamo walioacha ARV wakiamini wamepona. Virusi vilivyonyamazishwa na dawa huamka dawa ikiachwa.

Kwa hiyo mhudumu wa afya amsikilizapo mgonjwa anayetaja nguvu ya ndani, asimcheke wala asimkemee, maana mgonjwa aliyechekwa huficha. Amuulize mambo matatu: anafanya mazoezi gani, nani anamfundisha, na kama bado anameza dawa zake. Mkufunzi anayedai kutibu anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Na anayemwambia mgonjwa aache vidonge aepukwe, hata awe na cheti. Majibu hayo yaandikwe kwenye faili, na shinikizo la damu lipimwe tena katika hudhurio lijalo. Likishuka, daktari ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.