Vitu Vinavyopitisha Umeme na Vinavyouzuia

Mkondo wa umeme ni mwendo wa chembe zenye chaji, hasa elektroni. Ndani ya metali baadhi ya elektroni haziambatani na atomu moja. Betri ikiunganishwa, elektroni hizo husukumwa zote upande mmoja. Katika plastiki, kioo na mpira, elektroni zimeshikwa imara na mkondo haupiti. Vitu vya aina ya kwanza huitwa vipitishi, vya aina ya pili vihami. Huko Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, nyumba nyingi hupata mwanga kwa paneli ya jua na betri au kwa jenereta, na mara nyingi mwenye nyumba hufunga nyaya mwenyewe. Kwa hiyo kutofautisha vitu hivi ni kulinda maisha ya familia.

Metali hazilingani

Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote. Shaba huifuata kwa karibu, na kwa kuwa bei yake ni nafuu ndiyo hutumika katika nyaya za nyumbani. Ukinzani (uzuiaji wa mkondo) wa alumini ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba, lakini ni nyepesi zaidi ya mara 3. Hivyo hufaa kwa nyaya ndefu zinazoning'inia kwenye nguzo. Ukinzani wa chuma ni karibu mara 6 ya shaba. Waya wa chuma ukitumika mahali pa waya wa umeme hupoteza nguvu nyingi na kupata joto.

Waya wa shaba nao, ukiwa mwembamba na mrefu mno, hufifisha taa. Hasara hiyo huonekana zaidi kwenye betri ya volti 12, kwa sababu kazi ileile huhitaji mkondo mkubwa mara 18 kuliko kwenye volti 220.

Madini ya Maniema yamo katika kazi hii. Bati litokalo kwenye kasiteriti huyeyushwa kuunganisha vipande vya redio na simu. Tantali itokayo kwenye koltani hupitisha umeme, lakini oksidi yake huuzuia. Utando mwembamba wa oksidi juu ya tantali ndio unaowezesha kapasita ndogo za simu kuhifadhi chaji.

Maji hudhoofisha vihami

Mti mkavu huzuia umeme, mti mbichi au uliolowa huupitisha. Maji safi kabisa hupitisha kidogo sana, lakini ya kisima na ya mto yana chumvi zilizoyeyuka, nazo hubeba mkondo. Jasho ni vivyo hivyo. Ngozi kavu hukinza umeme kwa maelfu ya omu. Ikilowa, ukinzani wa mwili waweza kushuka hadi omu 1,000. Hapo volti 220 hupitisha miliampea 220, ilhali zaidi ya 30 zikidumu huweza kuvuruga moyo.

Vilivyo katikati

Silikoni si kipitishi kizuri wala si kihami kamili. Ikichanganywa na chembe chache za fosforasi au boroni, hupitisha umeme kwa namna inayoweza kuongozwa. Mwanga wa jua ukiipiga, elektroni zake hufunguka na mkondo huanza: ndivyo paneli inavyofanya kazi.

Hewa na radi

Hewa kavu ni kihami, lakini hushindwa umeme ukizidi takriban volti 30,000 kwa kila sentimita. Hapo radi hupiga. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kampene, katika eneo la Pangi hapo hapo Maniema, miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi duniani: takriban mimweko 177 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka.

Ya kufuata nyumbani

- Waya uliochubuka ufungwe kwa utepe wa umeme baada ya kuzima jenereta au kuchomoa betri. Kitambaa na karatasi havitoshi, kwani hufyonza maji.
- Waya usipitishwe juu ya manjanja bila kinga. Bamba hilo la chuma likiguswa na waya uliochubuka, paa lote huwa na umeme.
- Spana isiunganishe vichwa viwili vya betri. Volti 12 ni ndogo, lakini mkondo wake waweza kuyeyusha chuma na kuunguza mkono.
- Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kipimo kilekile, kamwe si kwa kipande cha waya.
- Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla ya kuzima chanzo. Isipowezekana, asukumwe kwa mti mkavu, msaidizi akiwa amesimama pakavu.
- Radi ikianza, watu waondoke chini ya miti na wasiguse nyaya za paneli wala za antena.